Kabla Hujamlipa Mtaalamu wa Sumu

Chupa ilikuwa ya Fanta, ya plastiki, ya nusu lita, imezibwa mdomo kwa kipande cha mfuko mweusi kwa sababu kifuniko chake kilipotea. Mama aliyeileta alitoka kijiji kimoja kando ya mto, si mbali na Kolwezi, mji wetu wa madini huku Kongo, na alikuwa ameiweka chini ya kitanda wiki tatu akitafuta nauli. Maji yalikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa, na tope jekundu limetulia chini. "Haya ndiyo yaliyoua samaki na lengalenga yetu," alituambia. Wakati ule nilikuwa nikimsaidia avoka mmoja kupanga mafaili ya wanakijiji, na sote wawili tuliona tumeshinda. Tukaipeleka maabara, tukalipa, tukapewa karatasi yenye shaba na kobalti kwa wingi wa kutisha.

Mbele ya hakimu, avoka wa upande wa pili hakuigusa karatasi yetu. Aliuliza mambo matatu tu: nani aliyachota, siku gani, na chupa ilikuwa na nini kabla ya hapo. Mama alilijibu la kwanza. La pili alikisia. La tatu lilimwacha akitutazama sisi, na sisi tukatazama sakafu. Faili lile halikufufuka, na kosa lilikuwa letu, si lake.

Tangu siku hiyo, mtu akija kuniuliza "docta gani wa sumu tumwajiri?", humrudisha nyuma hatua moja. Huja wa kila namna: kamati ya kijiji ambayo mto wake umebadilika rangi, sendika ya wafanyakazi, mjane, hata mwenye kampuni ndogo ya kandarasi ambaye vijana wake wanakohoa na hajui afanye nini. Wote wanadhani mtaalamu ataleta ushahidi mkobani. Mtaalamu wa sumu anausoma ushahidi uliokwisha kukusanywa na kusema una uzito gani. Pasipo cha kusomwa, utakuwa umemlipia mtu ndege na hoteli aje akwambie hivyo.

Kazi yake yenyewe ni nini? Watu hudhani ni kusema kama kitu fulani ni sumu au si sumu. Hilo hata kitabu kinasema. Kazi yake ni kuunganisha mambo manne: kitu kilitoka wapi, kilipita njia gani, kiasi gani kiliingia mwilini, na kama kiasi hicho kinaweza kuleta ugonjwa huu ulio mbele yetu. Mnyororo ukikatika mahali pamoja tu, kesi inaanguka, hata kama sehemu tatu zilizobaki ni chuma.

Kiasi ndicho kinachosahaulika. Katika miaka ya 1965 na 1966, huko Quebec, Kanada, wanywaji wa bia walianza kufa kwa ugonjwa wa moyo usioeleweka. Ikagundulika kwamba watengenezaji walikuwa wakitia chumvi ya kobalti ili povu lidumu kwenye glasi. Lakini wagonjwa wa upungufu wa damu wa wakati ule walikuwa wakipewa kobalti nyingi kuliko hiyo kama dawa, na mioyo yao haikuharibika hivyo. Waliochunguza waliangalia sahani: walevi wale walikuwa wanakula vibaya mno. Kwa hiyo mtaalamu atakayekuja Kolwezi akaandika kuhusu mtoto bila kuuliza kama anakula bukari na sombe au bukari tupu, bila kuuliza baba anavuta nini na mama anapikia makaa ndani au nje, huyo anakuuzia karatasi.

Na usidhani mtu mmoja anabeba sehemu zote nne. Mkemia wa maabara atakuambia kilichomo kwenye maji, naye si wa kuulizwa kuhusu figo. Daktari wa magonjwa ya kazi anajua mapafu ya mchomeleaji na ya mponda mawe. Mpimaji wa usafi wa mahali pa kazi hupima hewa ndani ya kiwanda. Mtaalamu wa takwimu za magonjwa anasoma vikundi vya watu, wala si mgonjwa mmoja mmoja. Sisi wote hawa tunawaita "docta", ndiyo maana tunaajiri asiye wa kazi hiyo. Kabla ya kumpigia mtu simu, andika swali lako kwenye nusu ukurasa. "Tunataka kujua ukweli" bado si swali. "Je, asidi iliyoingia mtoni usiku ule inatosha kueleza kuungua kwa miguu ya watu kumi na wawili waliovuka asubuhi?" Hilo lina jibu, na mtu anayefaa kulijibu anajulikana mara moja.

Tuchukue mfano wa hapa hapa. Mwaka 2014, katika kartie ya Kasulo, Kolwezi, mtu mmoja alichimba kwenye uwanja wake akakuta mawe meusi ya kobalti, na baada ya muda mfupi kartie nzima ikawa mashimo katikati ya vyumba vya kulala. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, wakiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, walienda kupima, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature Sustainability. Walichukua mkojo na damu za wakazi 72 wa Kasulo, 32 kati yao wakiwa watoto, na vumbi la ndani ya nyumba. Kisha wakafanya jambo ambalo kamati nyingi za kijiji hazilifikirii: walipima pia watu 25 wa kartie nyingine ya jirani, wenye maisha yanayofanana na ya Kasulo lakini wasio na mashimo. Bila wale 25, wale 72 ni watu wenye kobalti tu, katika mji ambao kila mtu ana kobalti. Pamoja nao, tofauti ikaonekana, kubwa zaidi kwa watoto, na kwa watoto hao hao zikaonekana alama za kuharibika kwa chembe za urithi.

Sasa isome kazi hiyo kama avoka wa kampuni atakavyoisoma. Inasema kobalti imo mwilini na imeanza kufanya kitu. Haisemi kwamba mtoto fulani, wa mama fulani, ameugua ugonjwa fulani kwa sababu hiyo. Vivyo hivyo utafiti wa Lubumbashi uliotoka mwaka 2020 katika The Lancet Planetary Health, uliokuta kwamba hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro inapanda sana baba akifanya kazi inayohusiana na madini. Ni utafiti mzito, nami naunukuu kila nipatapo nafasi. Lakini ni habari ya kundi. Mtaalamu mzuri ataitumia kama sakafu ya kusimamia, kisha atapanda ngazi iliyobaki kwa vipimo vya mteja wako. Mbaya ataambatanisha nakala yake kwenye ripoti na kuandika "hivyo basi".

Wakati ndio adui mkubwa kuliko kampuni yoyote. Kobalti ya mkojoni inaeleza zaidi siku chache zilizopita; mchimbaji akikaa kwa wajomba zake Likasi wiki mbili akisubiri docta afike, sehemu kubwa imeshatoka naye chooni. Risasi kwenye damu hukaa wiki kadhaa, halafu hujificha mifupani kwa miaka. Manganisi ni msumbufu: damu na mkojo havisemi mengi juu ya alichovuta mtu muda mrefu. Asidi mtoni haisubiri hata kesho yake, mvua moja ya Januari inaifuta, na ndiyo maana ukali wa maji hupimwa pale pale ukingoni kwa kipimo cha mkononi, si maabara baada ya siku nne. Vumbi nalo lina msimu wake, kuanzia Mei hadi mvua zirudi. Ukimwajiri mtaalamu wa vumbi aje Februari, atapima matope.

Kwa hiyo simu ya kwanza kwa mtaalamu isiwe ya kumwomba aje. Iwe ya kumwuliza: tukusanye nini leo, na kwa chombo gani? Akijua kazi yake atakutajia chupa zilizotoka maabara, na kwamba ya kupimia metali hutiwa matone ya asidi ya nitriki ili metali zisishike kwenye ukuta wa chupa. Atataka maji ya juu ya bomba la kampuni na maji ya chini yake, siku moja, mtu mmoja. Atataka lebo zenye saa, picha, lakiri, na orodha ya kila mkono ulioshika kisanduku kuanzia mtoni hadi maabara. Mimi huongeza la kwetu: mpeleke huisie wa mahakama asimame pale ukingoni na kuandika hati ya alichokiona. Ni gharama, lakini hati hiyo ndiyo inayojibu yale maswali matatu.

Mkojo una mtego wake. Niliwahi kuona muuguzi akimpa kijana wa miaka kama tisa kikombe cha plastiki, naye kijana ametoka kuosha mawe, vidole vyake vya kijivu hadi kwenye kucha. Akakishika kikombe kwa ndani, dole gumba limezama, kama mtoto yeyote anavyoshika kikombe. Alichokipima muuguzi pale ni kidole. Watoto waoge kwanza, wabadilishe nguo, mikono ioshwe kwa sabuni, na kikombe kifunguliwe mahali pasipo na vumbi. Maabara pia ipime kreatinini, maana aliyekunywa maji mengi mkojo wake ni mwepesi na aliyeshinda juani ni mzito, na pasipo hesabu hiyo namba haziwezi kulinganishwa.

Tuje kwenye sheria, kwa sababu inabadilisha unachomnunulia mtaalamu. Sheria ya madini ya Kongo ya mwaka 2002, ilivyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, ina kifungu cha 285 bis. Kinamtaka mwenye haki ya kuchimba alipe madhara yaliyowapata watu, mali na mazingira kutokana na shughuli zake, hata kama hakuzembea, isipokuwa athibitishe kwamba madhara yametokana na jambo la nje ya shughuli zake. Soma tena hapo. Huhitaji mtaalamu wa kuthibitisha uzembe. Unamhitaji wa kuthibitisha madhara na kamba inayoyafunga na shughuli ile, na wa kujibu kampuni itakapopiga kelele za "jambo la nje".

Na itapiga, kwa sababu hapa ina pa kusimamia. Huu ni udongo wa shaba tangu kuumbwa. Vipo vilima hapa Katanga ambavyo miti haioti, lakini unaota mmea wa ua la shaba, na watafuta madini wa zamani walilifuata ua hilo kama ramani. Juu ya hapo kuna uchafu wa mababu: kampuni ya Union Minière ilianza mwaka 1906, Gécamines ikarithi baada ya uhuru, na mabaki ya mawe yao bado yanatiririka kila masika. Mtaalamu asiyekuuliza kuhusu historia ya bonde, asiyetaka sampuli ya udongo wa kilima ambacho hakijaguswa, atavunjwavunjwa katika nusu saa ya maswali. Ajaye na ramani ya zamani mkononi, huyo mpe kiti.

Kumbuka pia kwamba mahakama zetu si za Nairobi. Kule kila upande huja na mtaalamu wake na wanagombana mbele ya jaji. Kwetu, kwa desturi tuliyorithi, hakimu anaweza kumteua mtaalamu wake mwenyewe, anamwapisha, anampa maswali kwa maandishi, na hata hivyo halazimiki kufuata maoni yake. Ndiyo maana mara nyingi faida kubwa ya mtaalamu uliyemlipa haiko katika ripoti yake. Iko katika kukusaidia kuandika yale maswali ambayo hakimu atampa mteule wake, na baadaye kuisoma ripoti ya mteule huyo na kuonyesha tundu lilipo. Mlipie siku tatu za kazi hiyo kabla ya kumlipia miezi mitatu ya nyingine.

Ukikutana naye, usimwulize kwanza amesoma wapi. Mwulize nani amemlipa miaka mitatu iliyopita. Lualaba, mkoa wetu, ni mahali padogo, kila mtu amewahi kula kwa kampuni fulani, na hilo si dhambi likisemwa mapema. Ni dhambi likivumbuliwa na avoka wa upande wa pili. Mwulize maabara yake iko wapi na kama ina ithibati ya ISO 17025. Mwulize ni matokeo gani yangemfanya abadili mawazo. Swali hili la mwisho nalipenda kuliko yote. Mtu mkweli hujibu haraka, kwa sababu ameshalifikiria: "Nikikuta maji ya juu ya bomba yana kobalti sawa na ya chini, nitakuambia uache." Asiye mkweli hukuhubiria.

Akiahidi ushindi kabla ya kuona sampuli, mshukuru na umfungulie mlango. Akitaka asilimia ya fidia, mfungulie haraka zaidi: shahidi anayekula kwa kadiri ya hukumu hana thamani tena, na upande wa pili utahakikisha hakimu analijua hilo. Mlipe kwa siku au kwa hatua, hatua ya kwanza ikiwa ni kusoma faili tu na kukuambia kama kuna cha kufanya. Mpe karatasi zote, hata zile zinazokuumiza, ikiwemo ile ya daktari iliyosema mjomba alikuwa na kifua kikuu kabla mgodi haujafunguliwa. Na mkataba useme wazi kwamba sampuli na namba ni mali yenu, si yake wala si ya shirika lililochangia fedha.

Kuna wakati huna haja naye kabisa. Februari 2019 lori la asidi ya salfa lilipinduka karibu na Tenke na kuua watu wapatao ishirini. Kuthibitisha kwamba asidi huunguza, wakati miili imelala barabarani, hakukuhitaji profesa. Katika ajali ya namna hiyo fedha ya kwanza iende kwenye vyeti vya vifo, picha za vidonda zenye tarehe, na majina ya waliolazwa. Mtaalamu ana nafasi baadaye: kwa macho na mapafu ya waliosalimika, kwa udongo, kwa kijito.

Nigeukie upande wa waajiri wadogo, maana nao husoma. Ukiwa na vijana kwenye mtambo wa kuelesha madini ya oksidi, mnatumia sodiamu haidrosalfaidi, na ikikutana na asidi hutoa gesi yenye harufu ya yai bovu. Hatari yake ni kwamba ikizidi, pua huacha kuinusa. Mfanyakazi akisema "harufu imeisha", usifurahi, mtoe. Hapo unahitaji kwanza mpimaji wa hewa na kengele za mfukoni, na mtaalamu wa sumu baadaye. Kwa kobalti, mkojo wa wafanyakazi huchukuliwa mwisho wa zamu, mwisho wa wiki; kipimo cha kulinganishia kinachotumiwa na wataalamu wa Marekani wa afya ya kazini ni mikrogramu 15 kwa lita. Na majibu ni ya mgonjwa. Aliyepimwa na kufukuzwa kwa sababu ya namba yake atakuwa shahidi wa kwanza dhidi yako, na ana haki.

Msidanganyike kuhusu muda. Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, wakiongozwa na Phyllis Omido, walipata hukumu ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Vipimo vya damu za watoto vilivyochukuliwa mwanzoni kabisa vilibidi vidumu safari hiyo yote. Upande wa pili wa mpaka wetu, watu wa Chingola, Zambia, waliipeleka kampuni ya madini ya Vedanta hadi London, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikakubali kesi isikilizwe kule. Walipatana mwaka 2021. Mtaalamu wako atakuwa amestaafu au amehamia nchi nyingine siku utakayomhitaji tena, kwa hiyo ripoti yake iandikwe kwa namna ambayo mwenzake asiyemjua anaweza kuichukua na kuitetea.

Kama fedha hakuna, jiungeni. Vijiji vitano kando ya mto mmoja vinaweza kulipia seti moja ya sampuli ambayo kimoja hakiwezi. Pigeni hodi kwa shule ya afya ya jamii ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na kwa mashirika kama AFREWATCH, ambalo pamoja na RAID la Uingereza lilitoa mwaka 2024 ripoti juu ya maji yanayozunguka migodi yetu. Msikubali tu kuwa sura kwenye picha za ripoti ya mtu. Ombeni namba za kijiji chenu, kwa Kifaransa kwa ajili ya hakimu, na maelezo kwa Kiswahili kwa ajili ya baraza la kijiji, yakisomwa kwa sauti, na mtaalamu akiwepo kujibu mabibi.

Halafu, kabla hajapanda gari, mwombe awaachie chupa sita safi za maabara, karatasi za lebo, kalamu isiyofutika na kisanduku cha baridi. Viwekwe kituo cha afya, kwa muuguzi, kwenye kabati lenye ufunguo, na vijana wawili wafundishwe kuchota huku wa tatu akipiga picha. Mto haubadiliki rangi siku docta yupo. Hubadilika Jumapili usiku.